Ardhi Isiyouzwa: Mjomba, Mpwa na Majaruba ya Minangkabau

Katika vijiji vya Waminangkabau, kwenye nyanda za juu za Sumatra Magharibi nchini Indonesia, mashamba ya mpunga huhesabiwa kwa sahani. Sahani moja ni jaruba moja lenye tuta lake, dogo au kubwa kadiri mteremko wa mlima ulivyoruhusu, na mtu akitaja sahani za kwao huwa anataja mali ya nyumba ya mama yake. Baba anaweza kuwa amelima hapo miaka thelathini na asimiliki hata tuta. Kwa msomaji wa kwetu, aliyezoea kusikia wanawake wakinyimwa ardhi, habari hii hupendeza haraka. Nami ilinipendeza, lakini kadiri nilivyoisoma ndivyo nilivyoona kwamba jambo kubwa zaidi hapo ni kanuni kwamba ardhi haiuzwi, na kanuni hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea.

Kijiji chao huitwa nagari. Pariangan, chini ya mlima Marapi katika wilaya ya Tanah Datar, ndio unaotajwa na masimulizi yao kuwa nagari ya kwanza kabisa. Ndani ya nagari kuna koo, na kila ukoo una mali iitwayo harta pusaka tinggi, yaani urithi wa juu: majaruba, mabwawa ya samaki, viwanja, na nyumba kubwa ya mbao yenye paa lililochongoka kama pembe za nyati. Mali hiyo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti bila kugawanywa. Kila mwanamke hupewa sehemu ya kulima na kula, lakini anachopewa ni matumizi, na shina hubaki la ukoo mzima, wakiwamo ambao hawajazaliwa.

Je, mtu akikwama? Wazee waliliona hilo, wakaruhusu rehani kwa sababu nne tu: maiti amelazwa ndani na hakuna cha kumzikia, binti amekuwa mtu mzima na hakuna cha kumwozea, paa la nyumba kubwa linavuja, au cheo cha mkuu wa ukoo kimelala na kinahitaji karamu ya kukisimamisha. Ukizitazama sababu hizo kwa makini, utaona hakuna hata moja inayomhusu mtu mmoja peke yake. Deni la kamari halimo, biashara ya kijana mwenye ndoto zake haimo, na hata ugonjwa wa mtu mmoja haumo, jambo ambalo nakiri linanisumbua. Rehani yenyewe ni kumwachia mkopeshaji alime na avune mpaka arudishiwe chake, hata kama ni mjukuu ndiye atakayekuja kuikomboa.

Wapo watakaosema huo ni ujima wa watu wasiojua soko. Mbele ya nyumba kubwa husimama maghala ya mpunga, na katika mpangilio unaotajwa sana kila moja lina kazi yake. La kwanza ni la chakula cha kila siku, la pili ni akiba ya miezi ya njaa, na la tatu, ambalo jina lake lina maana ya kuchungulia baharini, huhifadhi mpunga wa kuuza ili kununua visivyopatikana kijijini. Soko walilijua tangu zamani, hata wakalijengea ghala. Waliuza mpunga, wakaliacha jaruba.

Swali la dini ndilo lililowachoma zaidi, kwa kuwa Waminangkabau ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama sisi wa pwani. Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam aliyekuwa imamu wa Kishafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka na kufariki mwaka 1916, aliuandikia urithi huu kwa ukali, akauona kuwa ni dhuluma. Mwanafunzi wake, Abdul Karim Amrullah, ambaye wengi humjua kwa jina la Haji Rasul, alikuja na jawabu lililonikosha: urithi wa juu hauna mtu aliyeufia, basi mirathi yake itatoka wapi? Akaulinganisha na wakfu. Mwaka 1952 maulamaa, wakuu wa koo na wasomi wao walikutana Bukittinggi wakaafikiana kwamba urithi wa juu ufuate ada, yaani mila, na mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake igawanywe kwa sharia. Ndugu zetu wa Ngazidja, kisiwa kikuu cha Komoro, wenye manyahuli yao, yaani mali ya ukoo inayopita kwa wanawake, wataielewa hoja hii bila kuelezwa.

Nasema haya nikiwa na kovu. Shamba la minazi la bibi yetu liligawanywa kwa haki na kwa hesabu sahihi, kisha likagawanywa tena, hadi ndugu wawili wakawa wanashirikiana mnazi mmoja. Alipokuja mnunuzi, hakukuwa na shamba la kutetea, kulikuwa na vipande tu. Hakuna aliyedhulumiwa, na shamba halipo.

Hata hivyo, sipendi sifa za wageni wanaorudi kutoka huko wakisema wanawake ndio wanaotawala. Mwenye mali ni mwanamke, lakini msemaji wa mali ni mjomba. Kaka wa mama, aitwaye mamak, ndiye anayeketi barazani na kuamua, na neno lake likipinda, dada zake wana kazi. Mume naye hufananishwa na jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, hayupo. Zamani mvulana wa miaka kama saba alianza kulala kwenye surau, msikiti mdogo wa ukoo, kwa kuwa vyumba vya nyumba kubwa ni vya dada zake na waume zao. Haishangazi kwamba vijana wa kiume walijifunza kuondoka, wakatapakaa Indonesia nzima na migahawa yao ya vyakula vya Padang, mji wa kwao.

Siku hizi upepo unavuma kutoka serikalini. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inatambua ardhi ya kimila, lakini kwa masharti. Ili kampuni ipewe haki ya shamba kubwa la michikichi, kwa muda mrefu ilibidi ardhi ya nagari igeuzwe kwanza kuwa ya dola. Wazee waliotia saini wakidhani wanakodisha walikuja kuelewa baadaye kwamba muda ukiisha ardhi hairudi kwao. Tangu mwaka 2017 kuna pia kampeni kubwa ya kupima viwanja na kutoa hati. Wanaoitetea husema mali bila daftari hupotea bila habari, na wana haki. Lakini Waminangkabau wanalo daftari: huitwa ranji, mti wa ukoo unaoonyesha kila mama na wanawe. Hati iandikwe kwa jina la ukoo, ranji ikiwa imeambatishwa, nami sitakuwa na neno. Ikiandikwa jina la mjomba mmoja, basi siku akifa watoto wake, ambao ni wa ukoo wa mama yao, watadai mirathi ya baba, na wapwa watakwenda mahakamani kudai nyumba waliyozaliwa. Benki haitakubali hati ya ukoo kwa mkopo, najua. Na isikubali.

Nyumba nyingi kubwa zimefungwa, mabati yaliyochukua nafasi ya nyuzi za mnazi-sukari yanashika kutu, na mashamba yanalimwa na jirani kwa nusu ya mavuno. Inapofika Idi, wa Jakarta na wa Pekanbaru hurudi kwa msafara, milango hufunguliwa, mikeka hukung'utwa. Binti aliyeolewa karibuni hupewa chumba cha mwisho kabisa, dada zake husogea kimoja kimoja kuelekea jikoni, na bibi yuko pale pale karibu na moto, akiuliza nani bado hajafika.