Kabla ya kulipia mtoto wa mbwa, ulizia mama yake

Ndugu zangu wa Dar na Arusha, siku hizi kila nikishika simu nakutana na tangazo la watoto wa mbwa. German Shepherd halisi, wiki tano, baba katoka Ulaya, tunakuletea hadi mlangoni. Chini yake watu wamejazana kuuliza bei na kama rangi nyeusi ipo. Sijaona anayeuliza mama wa hao watoto yuko wapi na ana hali gani. Hili linaniuma, maana huku Uingereza ninakoishi swali hilo limewekwa kwenye sheria, na halikuwekwa bure.

Liliwekwa kwa sababu ya mateso. Mwaka 2013, huko Wales, aliokolewa mbwa jike mdogo wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, akaitwa Lucy. Alikuwa amefungiwa kizimbani akizalishwa mfululizo, hadi mifupa ya nyonga ikashikana na mgongo ukapinda. Alikufa mwaka 2016. Watoto wake waliuzwa wakiwa wasafi, wamepigwa brashi, na wanunuzi hawakumwona mama yao kamwe. Daktari wa wanyama Marc Abraham na wenzake wakapigania jambo hilo kwa miaka, na tangu tarehe 6 Aprili 2020 England ina Sheria ya Lucy: duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi 6. Unakwenda kwa mzalishaji mwenyewe, unamwona mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa, au unachukua kwenye kituo cha kutunza wanyama waliotelekezwa. Mzalishaji mwenye leseni haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa kabla ya wiki 8. Anayezalisha mizao mitatu au zaidi kwa mwaka na kuuza watoto anatakiwa awe na leseni ya halmashauri, na leseni hiyo inapewa nyota, kuanzia 1 hadi 5.

Msidhani basi huku ni peponi. Wakati wa Korona watu walifungiwa majumbani, kila mtu akataka mbwa, bei zikaruka, na matapeli wakaingia. Wapo wanaokodi nyumba nzuri kwa siku chache na kumweka jike asiyehusika ajifanye mama. Ukitazama vizuri unagundua: chuchu zake hazionyeshi kwamba ananyonyesha, na watoto hawamkimbilii. Sheria inamsaidia mnunuzi anayefumbua macho tu.

Ndiyo maana nasema sisi tulikuwa na kitu kizuri na tunakiacha kiende. Zamani mtu akitaka mbwa alisikia kwamba jike la jirani limezaa. Alikwenda, akamjua mama, akajua kama ni mkali au mpole, akasubiri watoto waache kunyonya, kisha akapewa mmoja, labda kwa shukrani ya kuku. Paka ndiyo kabisa, nani alinunua paka? Ule ulikuwa ukaguzi halisi, tena wa bure. Sasa mtoto wa wiki tano anatolewa kwenye boksi, anapakiwa kwenye bodaboda, na mnunuzi anakutana na muuzaji kituo cha mafuta.

Na hasara inakuja haraka. Mtoto aliyeambukizwa parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, anaweza kuonekana mzima siku unayomlipia, kisha baada ya siku chache anatapika na kuharisha damu. Matibabu yake hasa ni dripu na kumhudumia, na wasiotibiwa wengi hufa. Kadi ya chanjo isiyo na stika ya chupa ya chanjo wala muhuri na sahihi ya daktari wa mifugo ni karatasi tu.

Wengine wataniambia hayo ni mambo ya Kizungu, mbwa wa Bongo ni wa kulinda geti. Sawa, tuseme ni wa kulinda. German Shepherd hurithi ubovu wa nyonga kutoka kwa wazazi. Ukinunua bila kuwaona wakitembea, huenda ukapata mlinzi anayeburuta miguu ya nyuma kabla hajazeeka. Aliyenyang'anywa mama mapema hakujifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunaumiza, naye anaweza kukua mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa nyumbani. Nchi yetu bado inapoteza watu kwa kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Linalonikasirisha zaidi ni fasheni. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, sasa mnamchukua Pug au French Bulldog aliyebanwa pua na koo na kumweka kwenye joto la Dar la mwezi Februari! Paka wa Kiajemi hurithi ugonjwa wa uvimbe wa maji kwenye figo, nao hugunduliwa kwa kipimo cha vinasaba. Anayemuuza kwa mamilioni mwulizeni kama wazazi walipimwa. Akicheka, ondokeni.

Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kila mwenye huruma anaweza kwenda kwa ofisa mifugo wa kata kumweleza aliyoyaona. Nendeni. Usitume hela kwa simu kabla hujafika alipozaliwa mtoto na kumwona mama. Na ukimkuta mtoto wa mbwa mgonjwa akiuzwa kando ya barabara, macho yana matongo na tumbo limejaa minyoo, najua moyo utakusukuma umnunue umwokoe. Usimnunue. Hela hiyo itamrudishia muuzaji gharama, na yule jike aliyeko kizimbani atapandishwa tena mara tu atakapoingia kwenye joto la kutaka dume. Piga picha, andika mahali, mpelekee ofisa mifugo siku hiyohiyo.