Alama mbili za Mary Calkins

Jumanne tulikuwa tunasahihisha mitihani ya muhula, walimu wanne tumezunguka meza moja, chai ya saa nne inapoa pembeni. Swali la tatu halikuwa na ugumu: taja waanzilishi wanne wa saikolojia ya majaribio na ueleze mchango wa kila mmoja. Binti mmoja wa mwaka wa pili akaandika Wundt, Fechner, Ebbinghaus, kisha Mary Calkins. Mwenzangu akalikata jina la mwisho kwa kalamu nyekundu. Alama mbili zikaenda. Mwongozo wa usahihishaji ulisema wa nne ni Titchener, yule Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Nikamwambia, "Mwalimu, huyu binti amepata." Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, mwongozo ni mwongozo. Halafu huyo mama hata shahada ya uzamivu hakuwa nayo."

Tangu siku hiyo sijatulia. Ni kweli hakuwa nayo. Lakini mtu akisema hivyo halafu akanyamaza, hajasema nusu ya habari.

Kwanza niwape wakubwa haki yao. Wundt simwondoi. Maabara aliyoifungua Leipzig mwaka 1879 ndiyo iliyoifanya saikolojia iwe kazi ya chuo kikuu, yenye wanafunzi, vyombo na jarida lake. Vijana walitoka Marekani wakavuka bahari kwenda kukaa mbele ya kile chombo cha kupima muda hadi sehemu ya elfu ya sekunde, wabonyeze kitufe taa ikiwaka, kisha warudi kwao kufungua maabara zao. Fechner alikuwa ametangulia mwaka 1860 na kitabu chake cha kupima hisi. Na Ebbinghaus, ambaye alikariri peke yake orodha kwa orodha za silabi zisizo na maana ili apime jinsi anavyosahau, mimi namvulia kofia kila mwaka ninapomfundisha.

Hata kabla yao kulikuwa na kisa cha Greenwich, Uingereza, ambacho wanafunzi wangu hukipenda kuliko vyote. Mwaka 1796 mkuu wa kituo cha nyota, Maskelyne, alimfukuza kazi msaidizi wake Kinnebrook kwa sababu vipimo vyake vya muda wa nyota kupita kwenye uzi wa darubini vilikuwa vinachelewa karibu nane ya kumi ya sekunde. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, Bessel, alikisoma kisa hicho, akaanza kulinganisha wapimaji, akakuta kila mtu anatofautiana na mwenzake. Kinnebrook hakuwa mzembe. Alikuwa na macho na masikio yake, na Maskelyne ana yake. Kwa hiyo somo letu lina mizizi kwa mtu aliyeonewa, na ndiyo maana naumia zaidi nikiona linaendelea kuonea.

Sasa Calkins. Mwaka 1887 alianza kufundisha Kigiriki Wellesley, chuo cha wanawake karibu na Boston. Chuo kikataka mwalimu wa saikolojia, somo jipya ambalo mahali pa kulisomea palikuwa pa kuhesabu. Akaomba kusoma Harvard kwa William James, mwalimu wa saikolojia pale. Harvard ikakataa. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, akaandika barua, mkuu wa Wellesley naye akaandika, ndipo mwaka 1890 wakamruhusu kuingia darasani kama mgeni tu. Asihesabiwe kuwa mwanafunzi. Wanaume waliokuwa wamejiandikisha kwenye semina ile wakaacha mmoja mmoja, akabaki yeye na James, wamekaa pande mbili za moto wa maktaba, kitabu kikubwa cha James ndiyo kwanza kimetoka kiwandani. Mwaka uliofuata akafungua maabara Wellesley, juu darini. Katika Marekani nzima maabara za namna hiyo zilikuwa bado chache sana. Akiwa na Sanford wa Chuo Kikuu cha Clark, aliamshwa na saa ya kengele usiku ili aandike ndoto zake kabla hazijapotea.

Halafu ikaja kazi iliyonifanya nimpende. Harvard walikuwa wamemleta Münsterberg kutoka Ujerumani mwaka 1892 kusimamia maabara yao, na Calkins akafanya kazi humo, bado mgeni. Alionyesha rangi moja, kisha namba. Rangi nyingine, namba nyingine. Mwishoni akaonyesha rangi peke yake na kuuliza: namba yake ilikuwa ipi? Alitaka kujua kinachofunga vitu viwili kichwani mwa mtu. Je, ni kurudiwa mara nyingi? Ni kuwa cha mwisho kuonekana? Au ni kile kinachogonga macho kwa ukubwa au rangi?

Mimi jaribio hilo nalifanya darasani kila mwaka. Nakata manila vipande vya kiganja, napaka rangi, nyuma ya kila kimoja naandika namba kwa kalamu nene. Zambarau na 47 nazipitisha mara tatu katikati ya nyingine. Kijani naipa namba kubwa yenye wino mwekundu, maana nataka iwavutie. Kabla hatujaanza nauliza ipi itakumbukwa, na darasa zima linapiga kelele: kijani! Baada ya dakika kumi naonyesha kadi bila namba. Kijani wengine wanaipata, wengine wanabahatisha. Zambarau inajibiwa na mikono karibu yote. Calkins alikuta hivyo hivyo: kurudiwa kulishinda. Mwaka jana kijana mmoja alisema kutoka nyuma, "Madam, kumbe ndiyo maana namba ya mama yangu siisahau hata simu ikizimika." Tangu siku hiyo hakukosa kipindi.

Njia hiyo haikubaki Wellesley. G. E. Müller wa Göttingen aliichukua na kuiboresha. Titchener, huyo huyo aliye kwenye mwongozo wetu, aliiweka kwenye kitabu chake cha mazoezi ya wanafunzi wa maabara. Na mwaka 1904 Titchener akaanzisha chama cha wanamajaribio ambamo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga. Njia ya mwanamke ilifaa kufundishwa, mwenyewe hakufaa kuketi. Mwanasaikolojia Christine Ladd-Franklin alimwandikia barua za kupinga jambo hilo kwa miaka, hakusikilizwa.

Münsterberg alimpigania Calkins. Mwaka 1894 aliwaandikia wakubwa wa Harvard wamkubali awe mtahiniwa wa uzamivu, wakakataa. Mei 1895 walimu wa idara wakamtahini wenyewe bila kibali, James akiwa mmojawapo, wakaridhika wote. James alisema ulikuwa mtihani wa uzamivu uliong'ara kuliko yote iliyowahi kufanyika pale. Harvard wakaipokea taarifa, wakaiweka faili. Hawakumpa.

Mwenzangu akaniambia, "Ndizo zama zile, dada." Hapana. Mwaka 1894, mwaka mmoja kabla ya mtihani huo, Chuo Kikuu cha Cornell kilimpa Margaret Washburn uzamivu wa saikolojia, na msimamizi wake alikuwa Titchener mwenyewe. Hilo nalikubali kwa shingo upande: kama msimamizi, mzee alisaidia wanawake. Lakini linaonyesha pia kwamba katika zama hizo hizo lilikuwa jambo linalowezekana. Harvard walikuwa na njia, wakachagua kutoipita.

Mwaka 1902 wakamletea kitu kingine: uzamivu wa Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa chini ya kivuli chao. Wanawake wengine walipewa na kuchukua, wala siwalaumu. Yeye alikataa. Kazi aliifanya Harvard, walimu waliomtahini walikuwa wa Harvard, na Radcliffe hakuwahi kusoma. Miaka mitatu baadaye wanasaikolojia wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao, mwanamke wa kwanza. Mwaka 1927 wahitimu wa Harvard wenyewe waliomba apewe haki yake, wakakataliwa. Alifariki mwaka 1930.

Kwa hiyo tunapomkata jina kwa sababu "hakuwa na uzamivu", tunaigonga tena ile mihuri ya Harvard, kwa mkono wetu, kwenye karatasi ya binti wa miaka ishirini na moja aliyekwenda maktaba akasoma zaidi ya tulichomfundisha.

Kikao cha idara ni Alhamisi. Nimeomba swali la tatu liwekwe kwenye ajenda. Nitakwenda na karatasi ya yule binti na zile kadi za manila, na zambarau nitaipitisha mara tatu.