Kalenda Moja kwa Mabonde Yote?

Tangu Mei ianze, picha ya kalenda ya kupanda imekuwa ikizunguka kwenye simu za wakulima wa Njombe, na kila ninapotumiwa tena hasira hunipanda upya. Imepambwa kwa nyanya zinazong'aa, na chini yake imeandikwa, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuamka alfajiri ya Julai akakuta majani yamegeuka meupe, kwamba Nyanda za Juu Kusini zipande nyanya na maharage mwishoni mwa Mei, mara mvua zinapokatika. Nyanda zote! Ludewa peke yake inaanzia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo jalidi, yaani ile barafu ya alfajiri, ni hadithi ya watu wa mlimani, ilhali uwanda wa Kitulo kule Makete uko kwenye mita 2,600 hivi. Aliyeziweka sehemu hizo mbili chini ya tarehe moja ama hana ramani, ama hana shamba.

Hata hivyo, mwinuko si kiini cha malalamiko yangu, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba Makete kuna baridi kuliko Makambako. Jambo linalosahaulika, na linalogharimu watu miche yao kila kipupwe, ni kwamba ndani ya kijiji kimoja, usiku mmoja, shamba la juu linaweza kuwa salama na la chini likaungua. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha huteremka taratibu kama maji ya mfereji mpaka ituame bondeni. Mama mmoja jirani yetu alipanda miche ya nyanya kutoka kitalu kimoja kwenye vipande viwili, kimoja katikati ya mteremko na kingine kando ya kijito, umbali ambao mtu akiita anasikika. Barafu ilipoanguka, cha mteremkoni kilibaki kijani, na cha kijitoni kilikuwa cheusi kabla ya saa nne asubuhi. Kalenda ingevipa vipande vyote viwili tarehe ileile.

Tatizo hili ni zito zaidi kwetu kwa sababu ya vinyungu. Bustani zetu za kiangazi ziko mabondeni, kwa kuwa ndiko unyevu unakobaki baada ya mvua kwisha, na msimu wake unaangukia Juni, Julai na Agosti, miezi ileile ya barafu. Tunalima mahali penye baridi kuliko pengine pote, katika miezi yenye baridi kuliko mingine yote. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba anayeharakisha nyanya mwezi Mei si mjinga: anajua kwamba akichelewa sana, mvua za Novemba zitaikuta nyanya shambani na kuiletea ugonjwa wa bakajani, na kwamba mteremkoni atalazimika kumwagilia kwa ndoo. Lakini jibu la mbano huo ni kugawa mazao kwa mahali. Kabichi, karoti na vitunguu saumu huvumilia bondeni. Njegere pia huvumilia, ila maua yake yasikutane na baridi kali. Nyanya, maharage na maboga yakae mteremkoni, au yasubiri kitaluni chini ya kichanja cha nyasi mpaka usiku wa bondeni uanze kupata joto.

Wapo wanaonijibu kwamba utabiri wa hali ya hewa unatosha. Unasaidia, lakini kipimajoto cha kituo huwekwa ndani ya kibanda chake, zaidi ya mita moja juu ya ardhi, na usiku mkavu uliotulia majani yaliyo karibu na udongo yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kituo kikitangaza nyuzi 3, nyanya yako inaweza kuwa tayari imeganda.

Wala tusidhani kwamba mwezi wenyewe ni sheria ya dunia. Kwa wenzetu wa Kenya, kule Nyandarua na Kericho, jalidi hutisha zaidi Januari na Februari, na ile ya Januari 2012 iliunguza chai nyingi, kwa sababu kule huo ndio wakati wa anga kavu na tupu. Anayenakili kalenda ya jirani ananakili pia hasara yake.

Sitasema mengi kuhusu wakulima wa simu, wanaoendesha shamba kwa kupiga simu wakiwa Dar es Salaam, wanaonunua bonde kwa sababu ni tambarare na linapendeza kwenye picha, kisha wakalijaza miche michanga ya parachichi. Kuhusu chupa za dawa ya kuzuia barafu nitasema kidogo zaidi: fedha hiyo inunue mbolea. Na matandazo ya nyasi kavu, ambayo husifiwa kwa kila kitu, huzuia joto la udongo lisipande usiku, hivyo mche uliosimama juu yake hupata baridi zaidi. Udongo mtupu uliomwagiliwa mchana unausaidia kuliko hayo.

Ninachokitaka hakihitaji mradi wala semina ya hotelini. Bwana shamba wa kila kata apewe vipimajoto vichache vya kawaida, avifunge kwenye vijiti kwa kimo cha mche, kimoja bondeni, kimoja mteremkoni na kimoja juu, na mkulima anayeishi karibu aandike daftarini kila alfajiri kuanzia Mei hadi Septemba. Baada ya misimu michache, kijiji kitakuwa na tarehe zake chenyewe, bonde kwa bonde. Wakati huohuo, waliotengeneza ile picha waongeze mstari mmoja unaosema ni ya shamba la mwinuko gani na la mahali gani kwenye mteremko, au waiondoe.