Msiniambie ni mkono wangu

Jumamosi tulikwenda shabaha, watu sita, wote wenye leseni zetu, na msimamizi wetu. Nilikuwa na bastola mpya, toleo lililotoka juzi tu, ndogo kiasi cha kufichika chini ya kitenge. Nimeisubiri tangu mwaka jana. Ilipiga risasi nne vizuri. Ya tano, ganda likagoma kutoka. Nikavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, nikalitoa, nikaendelea. Ya saba likagoma tena. Ya kumi na moja likanasa kabisa chembani, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, risasi iliyofuata ikapanda na kuligonga kwa nyuma, kila kitu kikasimama.

Nikageuka kuomba msaada. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana bastola tatu na zote ni za kampuni hiyohiyo iliyotengeneza yangu. Hakuitazama bastola. Alinitazama mkono. "Shemeji, unaishika kilegevu. Hizi ndogo zinataka mkono wa nguvu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema labda ni risasi. Mwingine akasema nimeweka mafuta mengi. Katika watu watano hakuna aliyesema labda ni bastola.

Akaichukua yeye. Risasi ya tatu, ganda likagoma mkononi mwake.

"Tayari umeshaizoesha vibaya," akaniambia.

Niliifungasha nikaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Maana nilinunua kitu cha kunisaidia siku nikivamiwa, na watu ninaowaheshimu wamechagua kuamini chapa iliyochongwa kwenye chuma kuliko ganda waliloliona kwa macho yao likiwa limenasa.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi, mzee mstaafu wa jeshi aliyetumia maisha yake kwenye ghala la silaha. "Mwangaluka mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akaifungua, akawasha taa, akachukua kioo cha kukuzia. Hakuuliza naishikaje. Baada ya dakika kumi akanionyesha kile kijino kinachong'oa ganda chembani. Ncha yake ilikuwa imemeguka, na pale ilipomeguka palikuwa na chengachenga kama kipande cha sukari. Akanieleza kwamba kijino kile hakikuchongwa kutoka kwenye kipande cha chuma. Kilitengenezwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na kitu cha kuunatisha, ukashindiliwa kwenye kalibu, kisha ukaokwa tanuruni mpaka ukashikamana. Alisema ufundi huo si mbaya, viwanda vingi vinautumia na bastola zake zinadumu. Lakini ukiharakisha tanuru, vinabaki vitundu ndani ambavyo jicho halivioni, na kijino kinasubiri siku yake. Changu kilisubiri risasi kumi na nne.

Jina la kampuni sitalitaja. Nikilitaja, nusu yenu mtaacha kusoma na kuanza kuitetea, nusu nyingine mtashangilia kwa sababu mnashabikia kampuni nyingine. Mimi nataka tuzungumze juu ya huko kutetea na huko kushabikia.

Tunaelewana kwa nini tunazitaka hizi ndogo. Mimi nanunua mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Anayeijua bei ya bondo la sangara anajua ninatembea na nini asubuhi ninapoingia Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, na anajua kuwa wapo wengine wanaojua pia. Bastola ya marehemu baba, Browning ya Ubelgiji, ina uzito wa karibu kilo moja. Ukiivaa kiunoni huwezi kuinama kwenye ndoo ya samaki bila watu kuona. Kwa hiyo bastola ya nusu kilo inapotangazwa, mtu kama mimi hawezi kujifanya hajasikia.

Lakini udogo una gharama yake, na gharama hiyo iko kwenye fizikia, haiko kwenye mkono wa mwanamke. Bastola ya kawaida ina slaidi ndefu na nzito. Inaporudi nyuma inajipa muda: ganda linang'oka na kuruka, risasi inayofuata inapanda kutoka kwenye magazini, slaidi inarudi mbele na kuisukuma chembani. Sasa ikate bastola hiyo. Risasi ni ileile ya 9mm, nguvu ni ileile, lakini slaidi imekuwa nyepesi na njia yake imekuwa fupi. Inarudi kwa kasi kubwa zaidi, springi inabidi iwe ngumu, kijino kinavutwa kwa ukali, na magazini inapewa muda mfupi sana wa kuinua risasi. Kosa dogo la kiwandani ambalo bastola kubwa ingelivumilia miaka yote, hii ndogo itakuonyesha siku ya kwanza. Kwa hiyo bastola ndogo ndizo zinazohitaji ukaguzi mkali kuliko zote kabla hazijatoka getini, na hizohizo ndizo zinazokimbizwa sokoni kuliko zote, kwa sababu ndiko waliko wanunuzi.

Januari 2018 kampuni ya SIG Sauer walileta bastola ndogo, P365. Mtutu wa inchi 3.1, uzito wa nusu kilo hivi, na magazini yenye risasi kumi, wakati Glock 43 iliyotoka mwaka 2015 ilibeba sita. Ilikuwa kazi ya ajabu, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Lakini katika bastola za mwanzo zilivunjika pini za kugongea, nyingine pini zilikuwa zikikwaruza kitako cha risasi badala ya kugonga na kurudi, na kukawa na malalamiko ya springi za triga. Kampuni ikabadilisha vipuri, na leo bastola hiyo inauzwa kama maandazi na walio nayo wanaisifu. Nakubali, shingo upande. Ila niulize: nani aligundua kuwa pini zinavunjika? Walionunua kwanza. Walilipa bei kamili ili wafanye kazi ambayo ilipaswa kumalizwa kiwandani.

Na msidhani ni SIG peke yao. Ruger waliitoa bastola yao ndogo, LCP, mwaka 2008, na kabla mwaka haujaisha wakaomba zirudishwe. Mwaka 2013 Springfield waliomba bastola za XD-S, zilizotengenezwa Kroatia, zirudishwe, kwa sababu ilionekana zinaweza kujifyatua pale slaidi inapojifunga, bila mtu kugusa triga. Mwezi huohuo, Agosti, Smith & Wesson wakawaambia wenye Shield, bastola iliyokuwa na mwaka mmoja tu sokoni, wakague sefti ya kwenye triga. Glock nao, mwaka 2011, walibadilishia watu springi za bastola zao za kizazi cha nne. Na Remington, kampuni ya tangu 1816, mababu wa mababu, waliitoa R51 mwaka 2014, na mwaka huohuo wakaomba kila aliyenunua airudishe. Miaka karibu mia mbili ya kutengeneza silaha haikuizuia bastola hiyo kutoka kiwandani ikiwa mbovu.

Kila jina hapo lina wafuasi Mwanza hii. Ninawajua. Tunakaa nao pale karibu na Makoroboi tukinywa kahawa, na mtu mzima anayekagua bondo moja mara tatu kabla ya kulitolea pesa anakuambia kampuni fulani haikosei.

Mapenzi haya yana sura moja inayoniudhi zaidi ya nyingine zote, nayo ni kuhamisha lawama. Bastola ikikwama, kwanza ni mkono. Ukithibitisha si mkono, ni risasi. Ukibadilisha risasi, ni mafuta. Ukisafisha mafuta, hujaipiga vya kutosha, bado haijalainika. Kahr, watengenezaji wengine wa bastola ndogo, wao wameandika wazi kwenye kitabu chao kwamba bastola yao ihesabiwe iko tayari baada ya kupigwa risasi 200. Angalau hao wamesema mapema. Lakini mnyororo huu wote wa visingizio una kazi moja tu, kuhakikisha jina halifikiwi. Na gharama yake ni kwamba mtu mwenye bastola mbovu anarudi nyumbani akiamini yeye ndiye mbovu. Anaanza kufanya mazoezi ya kukaza mkono. Anaendelea kuibeba. Mimi nilikaribia kufanya hivyo! Jumapili nzima nilikaa nikikaza ngumi, nikijiuliza kama nina haki ya kumiliki silaha.

Ndiyo, mkono mlegevu upo. Bastola nyepesi ikikosa kiganja cha kuegemea, slaidi hairudi mwisho na inaweza kukwama. Nimefundishwa hilo tangu 2011 na ninalijua. Lakini mkono mlegevu haumegui chuma.

Yaliyotokea kwa P320 ya SIG yangepaswa kutufundisha. Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua kuwa bastola yake, na toka siku hiyo kila aliyeikosoa aliulizwa yeye ni nani kuzidi jeshi. Agosti mwaka uleule watu wakaonyesha kwamba ile ya kiraia ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Kampuni ikatangaza maboresho ya hiari, yenye triga nyepesi zaidi. Neno hilo, hiari, lishikeni. Marekani wana tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, iliyoundwa mwaka 1972. Inaweza kulazimisha kitanda cha mtoto kiondolewe madukani, lakini bastola na risasi sheria imezitoa mikononi mwake. Kwa hiyo silaha ikiwa na kasoro, kampuni ndiyo inayoamua kama itaiita irudi kiwandani, lini, na itatumia maneno gani. Jina analoliabudu shemeji, liwe lipi, linajihukumu lenyewe.

Browning ya baba ina mihuri midogo ya Liège, mji wa Ubelgiji ambako silaha hupigwa kwa risasi yenye mgandamizo uliozidishwa kabla ya kuuzwa. Muhuri huo hauwezi kukuahidi kwamba kijino hakitameguka baada ya miaka. Unakuambia tu kwamba mtu asiye muuzaji aliijaribu. Hata hilo kwangu lina uzito.

Na sisi huku? Mmarekani akinunua toleo jipya, anakwenda Jumamosi na boksi za risasi, anapiga mia tano, ikigoma anairudisha kiwandani, wiki chache baadaye inarudi na kipuri kipya. Kwake kuwa wa kwanza ni usumbufu. Kwetu kuna barua ya serikali ya mtaa, kuna kamati, kuna polisi wilaya, kuna polisi mkoa, kuna kusubiri. Risasi zinanunuliwa kwa kibali na kwa idadi, nani ana mia tano za kuteketeza kwenye majaribio? Na kijino changu, kidogo kuliko ukucha, hakitumwi kama kioo cha simu. Ni kipuri cha silaha, kinataka ruhusa kule kinakotoka na ruhusa huku kinakoingia. Duka lililoniuzia limenijibu kwa ujumbe mmoja: tunafuatilia. Warranti niliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza kizuri na ina anwani ya mji ambao sitaufika.

Ndiyo maana nasema, na sitabadilisha: kwa mtu wa Mwanza, bastola ya mwaka wa kwanza isinunuliwe, awe ameitengeneza nani. Acha ipite mikono ya watu wenye risasi nyingi na barabara fupi ya kurudi kiwandani. Waangalie wamelalamikia nini, na kampuni imebadilisha nini. Ukinunua mwaka wa tatu umenunua bastola tofauti, hata kama kwenye boksi jina ni lile.

Wavuvi wanalijua hili bila kufundishwa. Baba yangu mkubwa alikuwa na mitumbwi mitatu Igombe, na alikuwa mtu wa injini ya jina moja maisha yake yote, huwezi kumwambia kitu. Lakini toleo jipya lilipofika mjini hakulinunua. Alisema mwache mwenzangu aende nalo kisiwa cha Goziba kwanza, akirudi nitamuuliza. Akalisubiri hata misimu miwili. Aliipenda kampuni ile kweli, na hakuona kuwa kusubiri ni kuisaliti, kwa sababu katikati ya ziwa usiku, injini ikizima, jina lililoandikwa kwenye kifuniko halipigi kasia.

Bei sizungumzii, nilijua ninacholipa. Wauzaji nao nitawaandikia siku yao.

Bastola yangu ipo kwa fundi, imefunguliwa, vipande vyake vimepangwa kwenye kitambaa cheupe. Asubuhi natoka na Browning ya baba, nimenunua koti pana la kuifunikia, na jua hili la Mwanza mnalijua. Shemeji anasafiri kwenda Dar Alhamisi kuchukua ya kwake, toleo hilohilo, kibali kimeshatoka. Nimempelekea picha ya kile kijino kilichomeguka, nikamwomba kabla hajaanza kuibeba aipeleke kwa mzee ikaguliwe na kioo, na nikasema nitalipia mimi. Ameiona. Hajanijibu.