Mita siyo shida
Makala inasema wageni wanaoshuka treni ya SGR hapa Dodoma wanapigwa bei kwa kuwa teksi hazina mita. Mita siyo shida. Ugomvi unaanzia kwenye "elfu kumi" isiyosema ni ya gari zima au ya kichwa. Wakifika mtaani, tuseme Area D, inageuka ya kila mtu, na mabegi yamefungiwa kwenye buti. Mgeni apatane kabla buti halijafunguliwa: gari zima, na mizigo, hadi mlangoni, tarakimu iandikwe kwenye simu dereva aione. Abebe noti ndogondogo, maana "sina chenji" nayo ni nyongeza ya kimyakimya. Kibao cha namba cheupe ndicho cha gari la biashara, cha njano ni gari binafsi. Akikuta "rafiki wa dereva" kiti cha mbele, asipande kabisa. Wa stendi ya mabasi ya Nanenane, huko mnapatanaje usiku?