Boksi imeandikwa wati 3000, fyuzi inasema ingine

Juzi nilikuwa Kondele, hapa Kisumu, kwa fundi mmoja wa mziki wa magari, nimekaa tu kwa benchi nikingoja gari yangu, hapo kijana mmoja wa Probox ya Luanda akaingia na amplifaya mpya bado iko kwa boksi. Boksi imeandikwa WATI 3000, herufi kubwa kama bango la krusedi. Fundi akacheka, akamwambia "omera, wati ni uongo, skiza na maskio." Kijana akakataa, akasema kama ni uongo mbona ile ya 1500 inauzwa bei ya chini. Wakaanza kubishana na mimi nikanyamaza ju nilikuwa nataka gari yangu itoke kwanza, lakini ukweli ni kwamba sikubaliani na yeyote kati yao, na kusema kweli fundi ndio alinisumbua zaidi.

Tuanze na kijana. Hiyo mashini ilikuwa na fyuzi mbili za 30 pale kando, yaani ampea 60. Gari ikiwa inanguruma na alteneta iko sawa unapata kama volti 14.4. Zidisha hapo, ni wati 864. Na hizo ni zinazoingia, sio zinazotoka kwenda kwa wufa (ile spika ya bezi), maana zingine zinapotea kuwa joto (ndio maana ukishika amplifaya chini ya kiti na hili jua la Kisumu unatoa mkono haraka). Amplifaya za aina ya klasi D hutoa kama asilimia 80 ya zile zimeingia, so tuseme 690. Zile za klasi AB ni nusu na kitu kidogo, hapo 450 ama 500. Ndio upate 3000 kamili unahitaji zaidi ya ampea 200 kutoka kwa betri, bado hata hujahesabu joto, na ule waya alikuwa amebeba kwa karatasi ungegeuka jiko.

Sasa 3000 ilitoka wapi? Kuna RMS, hiyo ndio nguvu amplifaya inaweza kushikilia mfululizo, halafu kuna ile wanaita max ama peak, kilele. Kwa wimbi safi kilele ni mara mbili ya RMS, hiyo ni hesabu si matangazo, kwa hivyo kampuni yenye mashini ya 690 ikiandika 1380 siwezi kuiita mwongo. Ikipita hapo ndio mchezo unaanza: wanajumlisha chaneli zote, ama wanapima kwa omu 1 (omu ni ukinzani wa wufa, ukiwa mdogo amplifaya hutoa nguvu zaidi) wakati wewe uko na wufa moja ya omu 4 ambayo haitawahi kuona hiyo nguvu, ama mtu wa kuchora boksi ameamka tu akaamua.

Lakini nimtetee kijana kidogo. Ngoma haipigwi mfululizo, inapiga inatulia, na fyuzi haikatiki saa ileile ukiipita kidogo, huvumilia. So hiyo hesabu yangu ya fyuzi ni makadirio, si kiapo, na amplifaya inayoweza kuruka juu kwa kishindo kimoja ni kitu cha maana. Shida ni mziki wenyewe tunaocheza. Nyimbo za mathree siku hizi bezi imevutwa ndefu mpaka hakuna pumzi katikati, sasa hicho kilele unachouziwa kinapata nafasi gani?

Kuna watu watakuambia nunua tu ile imepimwa kwa kiwango cha CEA-2006, kile cha Marekani cha mwaka wa 2003, ambapo amplifaya inapimwa kwa volti 14.4, omu 4, na sauti isiharibike kupita asilimia 1. Nakubali, hiyo ndio namba ya karibu na ukweli utapata kwa boksi. Ila pia si ya barabara yetu. Umekwama kwa jam, injini iko chini, taa zimewaka, feni inazunguka, betri inasoma 12.5. Amplifaya nyingi za bei ya kawaida nguvu yao inashuka pamoja na volti, tena inashuka kwa kipeo cha pili, so hapo umepoteza robo nzima na hujagusa kitu. Ile 500 yako ni kama 375 sasa.

Turudi kwa fundi. Ako na point, tena kubwa. Ukitoka wati 500 ukaenda 1000 umeongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, utasikia tofauti lakini haitakushtua. Sikio liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kumbe wufa yenyewe inaweza kukupa zaidi kuliko amplifaya: moja ya desibeli 90 na ingine ya desibeli 84, zote zimepimwa kwa wati moja mita moja, hiyo ya 90 ikila wati 150 inatoa sauti sawa na ile ya 84 ikila 600. Na bado hatujagusa boksi ya mbao, ambayo watu hutengenezewa na seremala wa vitanda kwa kukadiria na macho.

Pale fundi ananipoteza ni kwa hayo maskio. Maskio yake yanafanya kazi hivi: anazungusha geini (kile kitufe cha amplifaya cha kukuza sauti inayoingia) mpaka vioo vitetemeke, halafu anasema sasa imekubali. Hapo amplifaya imeshaishiwa, vichwa vya mawimbi vimekatwa vikawa bapa, na wimbi bapa kabisa linabeba nguvu mara mbili ya lile safi la kimo hichohicho. Ndio ule msemo wa mafundi "amplifaya ndogo ndio huunguza wufa" ni kweli nusu. Udogo hauunguzi kitu. Wati 100 safi kwa wufa ya 500 itacheza mpaka uzeeke. Kinachounguza koili (ule waya umezungushwa ndani ya wufa) ni joto, na joto linaletwa na tamaa ya geini.

Mimi nililipia hilo somo. Wufa yangu ilikuwa ya 250 RMS, amplifaya ya 200, nikasema niko salama si iko chini? Geini yote, bass boost yote, nikatoka Ahero kwenda Nakuru. Kericho ilikuwa inapiga vizuri sana. Kabla ya Mau Summit harufu ya kitu kama vanishi imejaa gari, na Nakuru niliingia na redio inaimba kama ya kinyozi. Zile 200 zikikatwa hivyo zinakaribia 400, na wufa ilijiandaa kwa 250.

Na dawa si ngumu. Chukua RMS ya ile ndogo kati ya amplifaya na wufa, zidisha na omu, tafuta kipeuo cha pili. Yangu ingekuwa 200 mara 4, 800, kipeuo chake cha pili volti 28 na kidogo. Chomoa wufa, zima bass boost, redio weka robo tatu, cheza toni ya 50 Hz, pima waya za kwenda kwa wufa na mita ya kawaida ya umeme upande wa AC huku unapandisha geini polepole mpaka isome hiyo. Hapo fundi anaweza kunijibu kwamba mita inasoma volti tu, haikuambii kama wimbi ni safi, na kama ile RMS ya boksi nayo ni ya uongo umejidanganya na hesabu. Ni kweli. Kwa hivyo bado uskize, ukisikia bezi inakwaruza rudisha chini.

Mwishowe kijana akaniuliza mimi, "So brathe, nirudishe?" Nikamwambia kama amenunua kwa bei ya wati 600 abaki nayo, zile pesa za wufa ya pili aweke kwa waya mnene wa shaba na boksi ya maana, halafu geini ipimwe. Fundi akafungua droo akatoa mita, ya manjano, ina vumbi. Akaiwasha. Betri ilikuwa imekufa.