Kilomita 16 Tu, Mama

Ramani nilikabidhiwa mimi kwa sababu ni mimi niliyejisifu. Safari ilikuwa ya gari kutoka Chicago hadi Los Angeles, kwa kufuata ile Barabara ya 66 iliyoanzishwa mwaka 1926, kilomita 4,000 kasoro kidogo. Ndani ya gari: mke wangu, shemeji, mama mkwe, na jedwali langu.

Hilo jedwali niacheni nilisifie kidogo, maana marehemu husifiwa. Lilikuwa na safu ya mahali, ya umbali, ya muda, ya mafuta, na safu moja nyembamba ya haja ndogo ambayo nilitumaini mama mkwe hataiona. Nilichapa nakala nne, kila moja ndani ya bahasha yake ya plastiki. Shemeji alipouliza kama kuna nafasi ya kupumzika, nilimwonyesha mstari wa 31: "Kupumzika, dakika 15."

Siku za mwanzo nilikuwa mfalme. St. Louis tukalikodolea macho lile tao la mita 192. Amarillo tukaenda kuona gari kumi za Cadillac ambazo wasanii fulani walizifukia pua chini mwaka 1974. Mama mkwe alizizunguka polepole, mikono nyuma, kisha akauliza kama wenyewe walikuwa wanadaiwa.

Tukafika Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona.

Kosa liliingia hivi. Ukingo wa kusini, wanakokwenda watalii walio wengi, vyumba vilikuwa vimejaa. Nikahangaika usiku kucha mpaka nikapata viwili: Grand Canyon, ukingo wa kaskazini. Nikaweka rula kwenye ramani, kusini mpaka kaskazini, nikapata kilomita 16. Nikaandika kwenye jedwali: "Jua kuzama. Kuvuka kwenda hotelini, dakika 20." Katikati ya rula palipita kamstari ka buluu, Mto Colorado. Mto ni mto, nikasema, madaraja yapo. Kwamba mto huo umechimba korongo la kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, rula haikuniambia.

Jua likazama kama lilivyopangiwa. Miamba ikatoka rangi ya chungwa ikawa damu ya mzee, kisha zambarau. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi; akavua miwani, akafuta machozi kwa leso. Hakuna aliyefungua mdomo. Mbali kabisa ng'ambo, gizani, taa moja ikawaka.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lipa, "hoteli yetu ile pale."

Akaitazama ile taa. Akatazama chini. Akaitazama tena.

"Tunavukaje, baba?"

"Kuna daraja."

"Liko wapi?"

Nikamwendea askari wa hifadhi na jedwali langu mkononi. Akausoma ule mstari mara mbili, kisha akaniuliza taratibu, kama daktari anayetaka kujua umekuja na nani: mnakwenda kwa miguu au kwa gari? Kwa miguu mnashuka mpaka mtoni, mnalala huko, mnapanda upande wa pili. Kwa gari ni kilomita 346, muda wa saa tano hivi.

"Ila daraja lipo," akaongeza, nadhani kwa kunihurumia. Lipo kweli, linaitwa Navajo Bridge. Liko mbali huko, juu ya mto.

Niliporudi kwenye gari, shemeji alikuwa ameshafunga mkanda. "Zile dakika 20 zimeanza?"

Tuliondoka saa mbili usiku. Ilikuwa Julai, na ukitoka hifadhini kwa upande wa mashariki unaingia ardhi ya Wanavajo. Wao wakati wa kiangazi husogeza saa mbele. Arizona iliyobaki haisogezi. Simu ya mke wangu ikaruka saa nzima ghafla. Saa ya gari bado ilikuwa ya Chicago. Shemeji akajipa kazi ya kutangaza muda, kila saa na majira yake, na hakuna aliyemwomba. Darajani tulifika saa tano na nusu. Tulipovuka tu, simu ikasema saa nne na nusu.

"Shemeji," akasema kutoka nyuma, "kwa mwendo huu tutafika jana."

Mama mkwe hakusema kitu. Wenye wakwe wanakijua kimya kile. Alikuwa amepakata bahasha yake ya plastiki kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Mara moja tu nilimsikia akipekua mkoba. Akapekua tena, akaufunga.

Karibu na mwisho, msituni, nyati wa kule, wale wenye nundu, walikuwa wamesimama katikati ya lami. Nikazima gari. Mmoja alikuja hadi dirishani kwangu, akahema, kioo chote kikaingia ukungu. Hakuna aliyenishauri nipige honi. Kwenye jedwali hawakuwemo.

Tulilala saa saba na nusu, kwa saa ya nani sijui.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe ukingoni, amejifunika blanketi la hoteli. Ukingo wa kaskazini uko juu kuliko wa kusini kwa mita 300 hivi, na baridi yake unaijua ukiwa umevaa kaptula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umelala?"

"Nimelala." Uongo.

Akanyoosha kidole ng'ambo, kwenye ule ukungu wa buluu. "Jana jioni tulikuwa pale?"

"Pale pale, mama."

Akanyamaza. Nikaanza kufikiri labda amenisamehe.

"Miwani yangu nimeiacha kwenye lile benchi."

Nikakosa la kusema. Nyuma yangu nikasikia shemeji akifungua bahasha, anatafuta mstari.

"Usiwe na wasiwasi," akasema mama mkwe, akikunja macho kutazama ng'ambo. "Hakuna aliyeichukua. Naiona."